Homa Bay 1982: Redio ya mji iliyohukumiwa kama redio ya kabila

Mei 1982 mji wa Homa Bay, kando ya Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria, ulipata kituo chake cha redio. Mtambo wake wa FM ulikuwa wa wati 10, nguvu ndogo kuliko ya balbu moja ya sebuleni ya zama zile. UNESCO ilileta utaalamu na vifaa. Serikali ya Kenya ilitoa ruhusa na kukiweka kituo chini ya idara yake ya utangazaji, Sauti ya Kenya. Mtambo na studio viligharimu takriban dola 25,000 za Marekani, fedha kidogo sana kwa kazi ya utangazaji. Wanaoandika historia ya redio barani wanakihesabu kituo hicho kuwa redio jamii, yaani redio ndogo ya wakazi wa mahali pamoja, ya kwanza Afrika. Mwaka 1984 serikali ileile ikakifunga.

Kisa hiki husimuliwa kwa sentensi mbili tu, ya kuzinduliwa na ya kufungwa, kisha msimulizi anahamia Mali au Afrika Kusini ambako redio jamii zilistawi miaka ya 1990. Nadhani tunapoteza mengi kwa kuharakisha hivyo. Homa Bay inaonyesha kosa ambalo Kenya na majirani zake wangali wanalifanya: kuchanganya redio ya mahali na redio ya kabila. Serikali ya 1984 iliogopa ya pili, ikaiua ya kwanza. Miaka 16 baadaye ya pili ikaja yenyewe, ikiwa na mtaji na minara mingi, wakati zile za kwanza hazijapata hata leseni.

Homa Bay ya wakati ule ilikuwa makao makuu ya Wilaya ya Nyanza Kusini, mji mdogo chini ya kilima cha Asego, wenye gati, soko, ofisi za serikali na wavuvi. Ukanda wote huo uliishi kwa samaki wa ngege, mbuta na omena, kwa pamba na mahindi, na kwa pesa zilizotumwa na watoto waliokwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa. Redio zilikuwapo. Watu walisikiliza Idhaa ya Taifa kwa Kiswahili kutoka Nairobi, na Dholuo, lugha ya Wajaluo wa eneo hilo, kutoka Kisumu, ambako Sauti ya Kenya ilikuwa na matangazo ya lugha za magharibi mwa nchi. Kwa hiyo lugha ya kituo kipya, Dholuo ileile, haikuwa jambo jipya. Dholuo ilikwisha kusikika hewani kwa miaka mingi, kwa gharama ya serikali, na hakuna aliyedai kwamba taifa linavunjika.

Jambo jipya lilikuwa umbali. Mtangazaji aliyekaa Homa Bay angeweza kuulizwa sokoni kesho yake kwa nini alisema alichokisema. Aliyekaa Kisumu, achilia mbali Nairobi, hana wa kumuuliza. Tena kuna habari ambazo redio ya taifa haiwezi kuzibeba hata ikitaka, kwa sababu muda wa hewani ni mfupi na nchi ni kubwa. Ni lini daktari wa mifugo atafika na chanjo? Omena imeshuka bei katika mwalo upi, pale mashua zinaposhushia samaki? Kisima gani maji yake yamechafuka, na mazishi ya nani yameahirishwa hadi Jumamosi ijayo? Kwa msikilizaji wa Nakuru au Lamu hayo ni kelele tu. Kwa mtu wa Homa Bay ni mambo ya kuamulia siku yake. Nchi nyingi ziliyaachia mambo hayo mdomo wa mtu na baraza la chifu, na baraza la chifu lina tabia moja: chifu huzungumza, wengine wanasikiliza.

Upande wa ufundi nao una maana kubwa kuliko tunavyoupa. Miaka ile redio ya serikali barani Afrika ilikuwa kitu kizito, yenye mitambo ya mawimbi ya kati na mafupi inayokula umeme kwa kilowati nyingi, wahandisi waliosomea ng'ambo, na majengo yanayolindwa na askari. Uzito huo ulikuwa hoja ya kisiasa bila kutamkwa: redio ni kazi ya dola kwa sababu dola peke yake ndiyo yenye uwezo nayo. Mtambo wa wati 10 uliivunja hoja hiyo. Ulionyesha kwamba mji wa wavuvi unaweza kurusha matangazo kwa fedha ambazo wilaya yenyewe ingeweza kuziomba kwenye bajeti. FM ilikuwa na mipaka yake, naam. Mawimbi yake hayaruki milima wala hayafuati mpindo wa dunia, na redio nyingi za bei nafuu vijijini zilikuwa na mawimbi ya kati na mafupi pekee, kwa hiyo si kila nyumba ingeweza kukinasa kituo hicho hata ikiwa jirani nacho. Lakini mipaka hiyo ndiyo iliyokifanya kuwa cha Homa Bay. Mbali na hapo hakikusikika.

Wazo lenyewe halikuzuka ghafla. Mwaka 1976 UNESCO ilifanya mkutano wake mkuu Nairobi, chini ya mkurugenzi wake Amadou-Mahtar M'Bow wa Senegal, na hoja kubwa ilikuwa kwamba habari za dunia zinatoka upande mmoja. Mashirika machache ya Ulaya na Marekani ndiyo yaliyokuwa yakiamua Afrika isikike vipi. Kutokana na mjadala huo iliundwa tume iliyoongozwa na Seán MacBride wa Ireland, ambayo ilitoa ripoti yake 1980. Serikali za Afrika ziliishangilia hoja hiyo, na zilikuwa na haki ya kuishangilia. Tatizo ni kwamba hoja ikishasemwa haiishii mpakani. Kama Nairobi inalalamika kwamba London na New York zinaisemea, Homa Bay nayo iseme nini kuhusu Nairobi? Kituo kidogo cha kando ya ziwa kiliuliza swali hilo kwa kuwapo tu, hata kama hakuna mtangazaji aliyelitamka. Mwishoni mwa 1984 Marekani ilijitoa UNESCO, mojawapo ya malalamiko yake ikiwa msimamo wa shirika hilo kuhusu habari. Mwaka huohuo Kenya, iliyokuwa upande wa pili kabisa wa ubishi ule, ilikuwa imezima redio iliyozaliwa na mjadala uleule. Wakubwa wa pande zote mbili walipenda sauti nyingi mradi zisiwe zinawazungumzia wao.

Na kilizaliwa wakati mbaya. Juni 1982, mwezi mmoja tu baada ya uzinduzi, Bunge lilipitisha kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Agosti 1 askari wa Jeshi la Anga wakiongozwa na Hezekiah Ochuka walijaribu kupindua serikali, na mahali pa kwanza walipopahitaji ni studio za Sauti ya Kenya. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alilazimishwa kutangaza kwamba serikali ya Rais Daniel arap Moi imeangushwa, kisha saa chache baadaye, askari watiifu walipokomboa kituo, akatangaza kwamba serikali ingalipo. Kwa saa hizo chache nchi nzima iliona kwamba anayeshika maikrofoni anaweza kuonekana ameshika dola. Ochuka alikuwa Mjaluo. Jaramogi Oginga Odinga, mwanasiasa mkongwe wa Nyanza, aliwekwa katika kizuizi cha nyumbani na mwanawe Raila akawekwa kizuizini. Nyanza yote ikatazamwa kwa jicho la shaka, na ndani ya Nyanza hiyo palikuwa na kituo cha redio kinachozungumza Dholuo, kilicho mbali na macho ya makao makuu.

Sababu inayotajwa kwa kufungwa kwake ni kwamba utangazaji wa lugha ya eneo moja ulikwenda kinyume na sera ya umoja wa kitaifa. Hoja hiyo sitaki kuidharau. Ukoloni uliigawa Kenya kwa makabila kwa makusudi, na kila aliyerithi madaraka baada ya 1963 alirithi pia hofu ya kugawanyika. Miaka miwili kabla ya redio hiyo kuzinduliwa Moi alikuwa amevunja vyama vya kikabila, GEMA ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na Luo Union ya Wajaluo vikiwamo, kwa hoja hiyohiyo, na kulikuwa na Wakenya wengi waliomwona ana haki. Yaliyotokea nchini baadaye yanatosha kuonyesha kwamba hofu hiyo haikuwa ya kubuni.

Ila hebu tuitazame ramani. Wajaluo wa 1982 walikuwa Kisumu, Siaya, Nyanza Kusini, Nairobi, Mombasa, na ng'ambo ya mpaka huko Tarime na Rorya mkoani Mara. Mtambo wa wati 10 usingeweza kuwafikia hata robo yao. Uliloweza kulifikia ni mji na vitongoji vyake, na mji huo haukuwa wa kabila moja. Palikuwa na maofisa na walimu waliohamishiwa huko kutoka kila pembe ya nchi, wafanyabiashara wenye asili ya India, Wakisii walioshuka na ndizi na mboga, Wasuba kutoka visiwani. Kituo kama hicho hakina namna ya kulihutubia kabila zima. Kinaweza tu kuwahutubia watu wanaokutana sokoni, hospitalini na kwenye gati, ambao kesho wataendelea kuishi pamoja. Kama tatizo lilikuwa lugha, dawa ilikuwa rahisi: saa kadhaa za Kiswahili, saa kadhaa za Dholuo. Serikali ilipochagua kuzima kabisa ilikuwa inatuonyesha kwamba kilichoisumbua ni kitu kingine, yaani umbali ule wa studio na Nairobi.

Hapa ndipo wapenzi wengi wa redio jamii wanapoishia, kwenye lawama kwa Moi. Mimi naona sehemu iliyobaki ni muhimu zaidi. Homa Bay haikuwa na kituo kwa maana ya kukimiliki. Vifaa vilikuja kwa mradi wa shirika la kimataifa, kituo kilikuwa mali ya Sauti ya Kenya, na sheria ya nchi haikumtambua mtangazaji mwingine yeyote. Hapakuwa na bodi ya wenyeji, hati ya umiliki, wala leseni ambayo mtu angeweza kuikimbilia mahakamani. Amri ilipotoka Nairobi hapakuwa na mwenyeji mwenye mamlaka ya kusema hapana, kwa sababu katika karatasi zote wenyeji hawakuwamo. Walikuwa wasikilizaji wa redio iliyoitwa yao. Kwa maoni yangu udhaifu huo ulikuwapo tangu siku ya uzinduzi, kabla ya jaribio la mapinduzi na kabla ya kifungu cha 2A, na hata rais mpole kuliko Moi angeweza kuutumia.

Kuna mtu aliyelielewa hilo mapema. Alex Quarmyne, Mghana aliyekuwa UNESCO na kushiriki katika kazi ya Homa Bay, alirudi kwao na pamoja na mkewe Wilna wakaanzisha Radio Ada, kwenye mji mdogo wa pwani mashariki mwa Accra. Kituo hicho kilianza kurusha matangazo Februari 1998, kwa lugha ya Kidangme, kikiendeshwa na watu wa hapohapo: wavuvi, wakulima, wachuuzi wa samaki, wakijitolea na kutayarisha vipindi vyao wenyewe. Lugha ya eneo moja, mji mdogo, mtambo wa kawaida, karibu kila kitu ni kilekile cha Homa Bay isipokuwa jibu la swali la nani mwenye nyumba. Radio Ada ingalipo. Haikupona kwa sababu haina maadui. Januari 2022 wahuni waliivamia, wakavunja vifaa na kupiga wafanyakazi, wakati kituo kilipokuwa kikijadili mgogoro wa chumvi ya wangwa wa Songor. Kikarejea hewani. Kituo chenye wenyewe kinaweza kuvunjwa mlango na bado kikawa na mtu wa kuusimamisha tena asubuhi.

Kenya yenyewe ilichelewa. Huko Nthongoni, upande wa Kibwezi katika Makueni, vikundi 33 vya wanawake vilivyokuwa vikihangaika na maji, mbuzi na mikopo midogo viliamua vinataka redio. Walisaidiwa na shirika la EcoNews Africa, wakasubiri leseni kwa miaka, na Februari 2004 Radio Mang'elete ikasikika kwa Kikamba. Imenijia mara nyingi kujiuliza ni wanasiasa wangapi waliona uzito wa tukio hilo. Miaka 20 kamili baada ya Homa Bay kuzimwa, mji mwingine mdogo ulipata redio ya lugha yake, na safari hii wenye kituo walikuwa akina mama waliojuana kwa majina, waliotoka kwenye vikundi vyenye wenyeviti, makatibu na daftari za michango. Mtu anayetaka kuwafungia angelazimika kuzungumza na vikundi 33.

Wakati akina mama hao wanasubiri leseni, biashara haikusubiri. Kameme FM ilianza kwa Kikikuyu mwaka 2000, Ramogi FM ya kampuni ya Royal Media ikafuata kwa Dholuo 2001, kisha Wakalenjin, Wakamba, Waluhya na wengine wakapata zao. Hizi zilikuwa redio za kabila kwa hesabu za soko. Studio iko Nairobi, minara imetawanywa popote wasikilizaji wa lugha hiyo walipo, na muda wa matangazo unauzwa kwa kampuni kwa hoja kwamba kituo kinalishika kabila zima. Nazisikiliza na ninazithamini. Zimeziinua lugha ambazo shule zilizipigia viboko na kuwapa kazi vijana wenye vipaji vikubwa. Lakini tuseme wazi kilichotokea: mtu wa Homa Bay alirudishiwa Dholuo, akanyimwa Homa Bay. Habari za mwalo wake zikawa tena kelele, kwa sababu msikilizaji wa Kaloleni na wa Kibera naye anahesabiwa.

Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilipolipuka, tume ya Jaji Philip Waki ilizitaja redio za lugha za kienyeji miongoni mwa vyombo vilivyolalamikiwa kwa kuchochea chuki. Joshua arap Sang, mtangazaji wa Kass FM ya Kikalenjin, alifikishwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague. Kesi yake ilisitishwa Aprili 2016 bila kupatikana na hatia, na hilo liheshimiwe. Kinachonigusa ni matokeo yake kwenye mjadala wetu. Kwa wengi, hitimisho lilikuwa kwamba Moi aliona mbali. Mimi nasoma kinyume. Kibera jijini Nairobi, mahali palipochomwa nyumba na kumwagika damu, palikuwa na Pamoja FM, kituo kidogo cha mtaani kinachosikilizwa na Wajaluo, Wanubi, Waluhya na Wakisii kwa pamoja, nacho kilisifiwa kwa kuhimiza watu watulie. Mtangazaji wake hakuhitaji kuwa malaika. Alihitaji kukumbuka kwamba nje ya mlango wa studio wamesimama wasikilizaji wa makabila yote, na kwamba nyumba itakayowaka iko hatua chache kutoka hapo. Redio ya mahali hulipa gharama ya maneno yake palepale. Redio ya kabila inaweza kuyarusha maneno kwenye mji ambao mtangazaji wake hajalala hata usiku mmoja.

Kuna upande wa kisa hiki ambao Wajaluo wenyewe hatuusemi sana. Kama Homa Bay ingeendelea kwa Dholuo pekee, Wasuba wa Mfangano na Rusinga wangebaki pale walipokuwa, wakimezwa taratibu na lugha kubwa ya jirani. Olusuba, lugha yao, leo iko hatarini. Watoto wengi wa visiwani wanakua na Dholuo. Kisiwani Mfangano, ndani ya Kaunti ya Homa Bay, kipo kituo cha Ekialo Kiona kinachotangaza kwa Olusuba. Soko lisingekianzisha kamwe, maana hakuna kampuni ya sabuni itakayonunua tangazo kwa wasikilizaji wachache hivyo. Serikali ya 1984 isingekiruhusu. Kwangu mimi hicho ndicho mrithi wa kweli wa ule mtambo wa wati 10, kuliko kituo chochote kikubwa cha Dholuo.

Sheria ya mawasiliano ya 2009 hatimaye iliitambua redio jamii kama daraja lake yenyewe la utangazaji, tofauti na ya umma na ya biashara. Ni hatua kubwa, ila haikulipa bili ya umeme. Vituo vingi vya aina hii vinaishi kwa vipindi vinavyolipiwa na mashirika ya misaada. Mwaka huu ni malaria, mwaka ujao ni hedhi salama, mwaka wa tatu ni uchaguzi wa amani. Mada zote njema, lakini anayechagua mada yuko mbali, kama alivyokuwa mbali mwaka 1984. Mradi ukiisha kituo hupungukiwa, mtambo ukiungua husubiriwa mfadhili mwingine, na watangazaji waliofunzwa kwa miaka huondoka kwenda redio za biashara zenye mishahara. Wanasiasa wa kaunti huliona pengo hilo haraka. Bei ya kukiweka kituo maskini mfukoni kabla ya uchaguzi si kubwa.

Mamlaka ya Mawasiliano inasimamia Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaochangiwa na kampuni zenye leseni, na ambao umejenga minara ya simu kwenye maeneo ambayo kampuni hazikuona faida kwenda. Mantiki hiyohiyo inaifaa redio jamii kikamilifu. Mfuko ulipie mtambo, umeme na ada ya masafa kwa kituo chochote chenye bodi iliyochaguliwa na wakazi, hesabu zinazosomwa hadharani kila mwaka, na wigo usiozidi eneo lake. Fedha zitolewe kwa kanuni iliyoandikwa, ili waziri asiwe na cha kumnyima anayemkera wala gavana cha kumpa rafiki. Na leseni iandikwe kwa jina la chama cha wakazi. Isiandikwe kwa jina la mfadhili, la kaunti wala la mwanzilishi mwenye moyo mzuri, kwa sababu mfadhili huondoka, kaunti hubadilisha chama, na mwanzilishi hufa.

Homa Bay yenyewe inaweza kuwa ya kwanza kuomba. Kilima cha Asego kingalipo kwa antena, karibu kila simu ya mkononi ya bei nafuu sasa inanasa FM, jambo ambalo redio za vijijini za 1982 hazikuwa nalo, na mjini wapo wazee waliokisikia kituo cha kwanza kwa masikio yao. Waitwe wakae kwenye bodi.